Allion yangu inatetemeka ikifika 60: gia boksi imekufa kweli?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Allion ya 2004, injini ya 1NZ, niliichukua yadi mwaka juzi. Naishi Mbezi, kazi Posta, kwa hiyo foleni ndiyo maisha yangu. Mwezi uliopita tulikwenda msibani Iringa, watu watano na mizigo, tukapanda mlima Kitonga. Tangu turudi nasikia mambo. Asubuhi gari inachelewa kubadili gia, injini inaunguruma kama imeng'ang'ania. Nikitoa P kuweka R inapiga 'gu!'. Gia ya kwanza na ya pili inalia 'wiii', halafu kelele inakata. Na kati ya 60 na 70, nikikanyaga mafuta kidogo tu, inatetemeka kama napita kwenye rasta za barabarani, na mshale wa RPM unachezacheza. Fundi wa kwanza kasema gia boksi imekufa, nimpe advansi Ijumaa akanitafutie ya mtumba. Wa pili anasema ni tokikonveta au solenoidi. Wa tatu anasema nibadilishe haidroliki, lakini jirani yangu kaniapia kwamba nikibadilisha ndiyo nimeiua kabisa. Mimi ni mwalimu wa Historia, haya maneno siyaelewi. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu, na poleni sana na msiba.

Umeniandikia malalamiko manne, na kila fundi uliyemwendea ameyafunga kwenye furushi moja akalipa jina. Mimi nitalifungua. Kwa jinsi ulivyoeleza, mawili ni tabia ya gari lenyewe, moja sidhani hata kama limo ndani ya gia boksi, na moja ndilo ugonjwa, tena ugonjwa ambao ukiwahiwa mara nyingi hupona bila kufungua kitu. Maneno yaliyonisaidia zaidi katika barua yako ni "nikikanyaga mafuta kidogo tu". Nitayafikia.

Kwanza tuingie ndani ya boksi, ili fundi akikutajia neno ujue anagusa wapi.

Gari la manyo lina klachi pleti inayoshikanisha injini na gia; ukitaka kusimama unakanyaga pedali, vinaachana. La otomatiki halina pedali hiyo. Kati ya injini na gia kuna tokikonveta, chombo cha chuma cha mviringo kama kitumbua kikubwa, kimejaa oili. Chukua feni mbili, zitazamanishe, washa moja: upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazijagusana. Ndani ya kitumbua hicho kuna feni mbili za namna hiyo, moja imefungwa kwenye injini, nyingine kwenye gia, na kinachosukuma ni oili badala ya upepo. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa za Magomeni ukiwa kwenye D, mguu juu ya breki, na injini isizime. Feni moja inazunguka, nyingine imeshikwa.

Ubaya wa feni ni kwamba ya pili haiifikii ya kwanza. Daima kuna mwendo unaopotea, na ukipotea unageuka joto na petroli ya bure. Kwa hiyo ndani ya tokikonveta wakaweka klachi inayozifunga feni zote mbili pamoja, gari likishatulia kwenye mwendo. Mafundi wanaiita lokapu. Ikikamata, mshale wa RPM unashuka kidogo bila gia kubadilika. Allion yako ina gia nne, lakini dereva mwenye sikio huhesabu tano. Hiyo ya tano ni lokapu.

Nyuma ya hapo ndiko ziliko gia zenyewe. Zimepangwa kama jua na sayari zake: gia moja katikati, ndogo kadhaa zikiizunguka, na pete kubwa nje yenye meno kwa ndani. Ukishika sehemu moja isizunguke, mwendo unaotoka unakuwa mmoja. Ukishika nyingine, unakuwa mwingine. Zinazoshika ni klachi za duara zilizopangwa kama sahani kabatini, na kinachozibana ni nguvu ya oili. Oili hiyo inagawiwa na valvu bodi, bamba la aluminiamu lenye vijia vingi kama mifereji ya shamba la mpunga. Solenoidi ni vimilango vya umeme vinavyoamua mfereji upi upate maji na upi ufungwe, na amri inatoka kwenye kompyuta ya gari. Hayo ndiyo maneno yote yaliyokutisha.

Sasa angalia oili inavyofanya kazi humo: inasukuma, inabana, inalainisha, inapoza. Tena inatakiwa ifanye mambo mawili yanayogombana, iteleze kwenye meno ya gia na isiteleze kupita kiasi kwenye klachi. Kazi hiyo ya pili ni ngumu kiasi kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wakichanganya mafuta ya nyangumi kwenye oili za gia za otomatiki, mpaka nyangumi walipolindwa kwa sheria ndipo wakatafuta kemikali mbadala. Nakuambia hivi ili ujue kwamba chupa ya haidroliki, yaani hiyo oili ya gia boksi, si "mafuta mekundu" tu.

Turudi kwenye gari. Kuchelewa kubadili gia asubuhi ni makusudi. Injini ikiwa baridi, kompyuta inazuia gia ya nne na lokapu mpaka maji ya injini yapate joto, ili injini ipate joto mapema. Kwa Dar hali hiyo inatakiwa iishe ndani ya dakika chache. Kule Iringa asubuhi ungeisubiri zaidi. Ila nina swali moja: gari lako bado lina thermostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto? Wapo mafundi wanaoing'oa gari likichemsha mara moja, eti joto la Dar halihitaji kitu hicho. Bila hiyo injini inachelewa mno kupata joto linalotakiwa, hasa barabara ikiwa wazi na upepo unaingia, na kompyuta inaendelea kudhani ni alfajiri. Matokeo yake gia ya nne inakuja kwa kuchelewa, petroli inakwenda, na lawama inaangukia gia boksi. Kama mshale wa joto hauifikii katikati hata baada ya robo saa ya mwendo, anzia hapo. Ni spea ndogo.

Mlio wa "wiii" kwenye gia ya kwanza na ya pili, unaokatika ikiingia ya tatu, ni sauti ya zile sayari. Kwenye gia ya kwanza na ya pili meno yanasagana. Ya tatu katika boksi lako ni moja kwa moja: mzunguko mmoja ukiingia, mmoja unatoka, mkusanyiko wote unazunguka kama kitu kimoja na meno hayasagani. Kwa hiyo kelele inakata. Toyota nyingi zenye umri wa lako zinalia hivyo, na nakisia lililia tangu siku ulipolitoa yadi, ila sikio halikuwa limeamka. Mtu akishasikia jambo moja baya kwenye gari lake, husikia yote.

Kuna milio miwili ambayo ingenitia wasiwasi, nayo si huo. Wa kwanza ni unaosikika hata gari likiwa limesimama kwenye P, ukipiga resi nao unapanda: hiyo ni pampu ya oili, na mara nyingi inalia kwa sababu oili imepungua au chujio limeziba. Wa pili ni wa kuvuma unaokua na mwendo wa gari bila kujali gia gani. Huo ni beringi. Ukikata usukani kushoto na kulia kwenye mwendo na sauti ikabadilika, basi ni beringi ya tairi, wala gia boksi haihusiki.

Ile "gu!" ya P kwenda R ndiyo niliyosema sidhani kama imo ndani ya boksi. Gari likiwa baridi injini inazunguka haraka, zaidi ya RPM 1,000. Ukiingiza gia wakati huo unaipokea nguvu yote kwa mkupuo, na kama mauntingi za injini, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba, zimechoka, injini nzima inaruka na kukaa. Fungua boneti, mtu mwingine awe kwenye usukani, breki ya mguu ameikanyaga hadi mwisho na ya mkono ameivuta, abadilishe P, R, N, D taratibu. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari, utazame injini inaruka kiasi gani. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishiwa gia boksi kwenye gereji fulani kwa kosa hilihili. Mauntingi iliyopasuka ilirudishwa ileile, na "gu" likarudi nayo. Angalia pia unavyoegesha. Ukisimama kwenye mteremko ukaweka P tupu, gari zima linaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma, na unapokitoa lazima kipige. Kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia ya mguu gari litulie, ndipo uweke P.

Ukiingiza gia, hesabu. Kipimo cha Toyota kwa maboksi haya, oili ikiwa na joto, ni kwamba kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na kwenda R isizidi 1.5. Ukiweka R, ukasubiri sekunde tatu ndipo gari lishtuke, hapo tunaongea habari nyingine: oili pungufu, au klachi zimelika.

Sasa rasta. Hili ndilo.

Kutetemeka kati ya 60 na 70, kwa mguu mwepesi, na mshale ukicheza kidogo, ni mahali hasa ambapo lokapu inakamata. Klachi ile inatakiwa iteleze kidogo kisha ishike. Oili ikichoka, inashika na kuachia, inashika na kuachia, haraka haraka, na wewe unahisi rasta. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kompyuta inaifungua lokapu, mtetemeko unapotea. Ndiyo maana nilishukuru kwa yale maneno yako. Na Kitonga inaingia hapa: watu watano na mizigo, mlima mrefu, lokapu imefunguka muda mwingi, feni zinapishana, oili inapikika. Kama ilikuwa imechoka tangu Japani, na foleni ya Kimara ikawa inaikaanga kila siku bila upepo wa kuipoza, ile safari ilimalizia tu. Safari ijayo, kwenye kupanda bonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia ili taa ya O/D OFF iwake, yaani gia ya nne imezuiwa. Boksi litaacha kuhangaika kati ya nne na tatu. Kushuka vivyo hivyo, na pakiwa pakali punguza mwendo uweke 2, breki zipumzike.

Kuna kitu kimoja kinachoigiza mtetemeko huu vizuri sana: plagi au koili ya kuwasha moto. Injini ya 1NZ ina koili nne, moja kwa kila silinda, na moja ikichoka gari linatetemeka likibebeshwa mzigo. Kuzitenganisha ni rahisi. Jumapili asubuhi, barabara nyeupe na tambarare, fika mwendo unaotetemeka, shikilia mguu wa mafuta palepale, kisha kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Zoea kwanza mahali pasipo na gari nyuma, maana mguu wa kushoto haujui upole. Taa za breki zikiwaka, kompyuta inaifungua lokapu. Mtetemeko ukikatika papo hapo, ni lokapu. Ukiendelea, au ukizidi unapokanyaga kupanda mlima, mpelekee fundi wa injini atazame plagi na koili kabla mtu hajagusa gia.

Tuseme ni lokapu. Kazi ya kwanza ni oili. Endesha dakika kama ishirini, simama pa tambarare, injini ikiwa inawaka. Pitisha mkono wa gia kila hatua kutoka P hadi L na kurudi P, kisha chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya gia boksi, futa, rudisha, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Usije ukamfundisha hivyo mwenye Honda, kwani yake hupimwa injini ikishazimwa, na wengi wamejaza kupita kiasi kwa kufuata ushauri wa jirani mwenye Toyota. Tazama rangi kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya ukoko ulioungua, klachi zimeungua. Ikiwa ya waridi na ina povu kama maziwa yaliyotiwa rangi, usiwashe tena gari: maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa kipoza oili kimo ndani ya rejeta yenyewe, na maji yanazibandua klachi.

Jirani yako si mwongo. Ameona kweli magari yaliyokufa baada ya kubadilishwa oili. Ila tazama ni magari gani: watu hukaa miaka bila kugusa, gia zikianza kuteleza ndipo wanakumbuka oili, kana kwamba jahazi halikuwa limeshatoboka. Klachi zilikwisha zamani; vumbi lake lililoelea kwenye oili chafu ndilo lililosaidia kushika. Ukiimwaga, kilichokuwa kimefichwa kinaonekana. Kwa hiyo nami nakwambia kwa uwazi: ikiwa oili yako ni nyeusi na inanuka ukoko, na gia zinateleza, yaani injini inapiga resi na gari haliendi, oili mpya huenda isikuokoe. Ila hujaniandikia kuteleza hata mara moja. Kwa hali uliyoeleza, kubadilisha ndiyo njia, na kutobadilisha ndiko kutakakomaliza hiyo klachi.

Namna ya kubadilisha ni muhimu kuliko uamuzi wenyewe. Ukifungua nati ya chini zinatoka karibu lita tatu kati ya saba hivi. Nyingine zimebaki kwenye tokikonveta na vijia. Mimi hupenda hivi: mwaga, fungua sampo (bakuli la oili chini ya boksi), badilisha chujio, jaza kiasi kilekile kilichotoka. Tembea wiki mbili, mwaga tena, jaza. Rudia mara ya tatu. Mashine za kusukuma oili kwa presha sizitumii kwenye gari lisilojulikana historia. Na oili iwe T-IV, jina limeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Ukipewa "haidroliki ya kawaida tu, zote nyekundu", ondoka. Sampo likiwa wazi, omba uone sumaku zake wewe mwenyewe. Tope la kijivu laini kama uji ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvihesabu vina maana chuma kinakula chuma, na hapo oili haina kazi.

Jihadhari pia na ushauri wa mwenye Allion mpya zaidi. Zile za kuanzia 2007 nyingi zina CVT, mkanda wa chuma badala ya gia zenye hatua. Oili yake ni nyingine na tabia yake ni nyingine. Ukiweka oili yake kwenye boksi lako, au yako kwenye lake, mmoja wenu atalia.

Mara nyingi rasta hupungua baada ya mwago wa kwanza na kuisha kwenye wa pili au wa tatu. Isipoisha, nenda gereji yenye mashine ya kupimia inayosoma namba wakati gari linatembea, siyo ile ya kufuta taa tu. Wakikutolea namba ya kosa P0741, lokapu haishiki inavyotakiwa. Inaweza kuwa solenoidi yake, valvu bodi, au klachi yenyewe ndani ya tokikonveta. Mpangilio wa kujaribu ni huohuo, kutoka rahisi kwenda ngumu. Solenoidi hubadilishwa sampo likiwa wazi. Tokikonveta hailazimishi kununua gia boksi, ila boksi lazima lishuke, na ukishalipa ufundi wa kushusha, uliza pia hali ya sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili isivuje. Hapo ndipo fundi wako wa pili angekuwa na haki. Boksi la mtumba ni la mwisho, na likija liwe limeandikwa U340E, namba ya aina ya boksi, kama kibao cha gari lako kinavyosema, lisiwe la gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne wala la injini nyingine, na chujio na oili vibadilishwe kabla halijapanda.

Ukiona lolote kati ya haya, usisubiri: R haishiki kabisa, gari limeng'ang'ania gia moja hata ukisimama na kuanza upya, taa ya O/D OFF inapepesa yenyewe, au oili inadondoka chini. Usilivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Pampu ya oili inaendeshwa na injini, injini ikizima gia zinazunguka kavu. Libebwe, au magurudumu ya mbele yainuliwe.

Kuhusu Ijumaa: usitoe advansi. Mwombe yule fundi wa kwanza achomoe dipstiki mbele yako gari likiwa na joto, kisha mpande wote mpaka 60 akuoneshe kifo chenyewe kiko kwenye gia gani. Akikataa kupanda, umeshapata jibu lake.